Makofi Matano, la Tatu Zito

Litein,
Jumatano, 16 Julai.

Kwa ndugu yangu Kipyegon,

Chamgei mising. Nakusalimu wewe na Cheptoo, nawasalimu ng'ombe wenu, na hata yule mbwa wenu asiyenipenda. Moyo wako unaendeleaje? Je, bado unapumzika kila mchana kama ulivyoagizwa, au umerudia ukaidi wa kubeba magunia? Mimi niko. Goti la kushoto linanisumbua, lakini goti haliui mtu. Baridi ya Julai imetukalia huku Litein. Kuna siku ukungu haunyanyuki hadi saa sita, na wachumaji huingia kwenye chai wamejifunga plastiki kiunoni, ukawa unaona vichwa tu vikielea juu ya majani.

Aliyekuletea barua hii ni Eugene wa kliniki, unamfahamu. Nimemwomba asiondoke mpaka umalize kusoma. Mpe chai, umwache aketi. Hajui yaliyomo, anajua tu kwamba ulipasuliwa moyo na kwamba mimi nina wasiwasi. Ningekuja mwenyewe, maana Mogogosiek si mbali, lakini najijua. Ukinitazama usoni nitasema nusu, na nusu nyingine nitaimeza. Simu nayo ina haraka. Karatasi inanilazimisha kwenda polepole hadi mwisho.

Habari ya kwanza ni ya mtoto. Nelvine, mke wa Kipkurui wangu, alijifungua mvulana tarehe ishirini na tano Juni, hospitali ya Kapkatet, mchana mweupe, kwa hiyo jina lake la kuzaliwa ni Kibet. Alikuwa na kilo tatu na robo na sauti ya kumwamsha jirani. Kipkurui bado yuko kazini Naivasha, haji hadi mwisho wa mwezi. Nyumbani tuko mimi, Nelvine, binti yao Celine wa gredi ya sita, na bibi yake Nelvine, Kogo Chepyegon, aliyetoka Sotik kuja kumtunza mzazi. Huyu Kogo amepita miaka themanini. Hana Kiingereza hata cha kuombea maji, wala hakuwahi kuishi upande wetu. Liweke hilo akilini, kwa sababu hamjui mtu yeyote wa nyumba yetu, aliye hai wala aliyekufa.

Siku ya nne tulimwita mtoto jina. Desturi unaijua, lakini niache niieleze kwa utaratibu, maana kila hatua yake ina uzito katika jambo ninalokuandikia. Wanawake huketi na mtoto, wakamsogezea ugoro kidogo puani, kisha wakataja majina ya wafu wa nyumba ya baba yake, mmoja mmoja. Anapopiga chafya, aliyetajwa ndiye aliyerudi, na mtoto hutulia. Sharti ni moja: aliye hai hatajwi kamwe. Kumtaja aliye hai katika kikao kile ni kumzika.

Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, niliombwa majina. Nilichukua daftari la mazoezi, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika wafu wetu kizazi kwa kizazi. Walikuwa kumi na tisa. Nilianza na babu wa babu yetu, nikamaliza na yule mdogo wetu aliyeondoka na surua kabla hajaota meno. Moureen, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, aliponiona nikisoma daftarini alicheka hadi shuka likamdondoka. Alisema leo mwalimu anaita rejista ya makaburini, na asiyeitika atachapwa. Halafu ugoro ukampata yeye, akapiga chafya tatu mfululizo, na wenzake wakasema basi mtoto ni Moureen. Kogo hakucheka. Aliwaambia jina la aliye hai halichezewi pale.

Majina kumi na tisa yakaisha. Mtoto hakupiga chafya.

Jioni ile aliliacha titi. Si kwamba alikataa kabisa. Alikuwa akivuta mara mbili tatu, kisha anageuza kichwa upande wa mlango na kukaza macho kama anayesikiliza. Kliniki walimpima kila kitu wasione ugonjwa. Walimfundisha Nelvine namna nyingine ya kumshika, na bado. Kufikia jana alikuwa na kilo mbili na nusu. Kilio chake sasa ni chembamba, ukiwa chumba cha pili utadhani ni paka.

Kogo alirudia kuwaita wale kumi na tisa mara ya pili, na baada ya siku tatu, mara ya tatu. Mara hii ya tatu aliliomba daftari langu, yeye asiyejua kusoma, akapitisha kidole kwenye mistari mmoja mmoja hadi chini. Akaniambia, "Mwalimu, hapa pana shimo. Kuna mtu amesimama nje na sisi tumekaza mlango." Nikamwambia hakuna. Niliisema kwa sauti ile ile niliyoitumia darasani miaka thelathini na minne, sauti ambayo watoto huinakili bila kuuliza.

Sasa ndugu yangu, fuatana nami pole pole.

Alhamisi iliyopita, mchana, mvua ilikuwa inanyesha na Celine alikuwa amekaa nami sebuleni na kazi ya shule. Mwalimu wake alikuwa amewapa vivumishi vya Kiingereza vyenye kiambishi mbele, wavigawe silabi na waonyeshe mkazo. Unajua hilo ndilo shamba langu. Nilimfundisha kama nilivyowafundisha wote: kila silabi kofi moja, na silabi yenye mkazo kofi zito. Kiswahili chetu hakina taabu, mkazo hukaa karibu na mwisho na hauhami. Mkazo wa Kiingereza hauna kwao, lazima uufuate neno kwa neno. Tulianza na "unhappy", makofi matatu, la katikati zito. "Impossible", makofi manne, la pili zito. "Incomplete", matatu, la mwisho zito. Nikamwonyesha jambo ambalo limenipendeza siku zote, kwamba kile kiambishi cha mbele ndicho kinachogeuza maana yote, kinalikanusha neno zima, na bado chenyewe hutamkwa chini chini, mkazo ukienda kwa mwingine.

Neno la nne lilikuwa "irreplaceable".

Nilimweleza kwamba ukiligawa kwa sauti lina silabi tano, ir-re-place-a-ble, na ukiligawa kwa maana lina sehemu nne tu. Katikati pana "place", yaani mahali. Ukitanguliza "re" unapata kuweka kingine mahali pale. Ukiongeza "able" nyuma, ambayo ni sehemu moja yenye silabi mbili, unapata kinachoweza kuwekewa kingine mahali pake. Halafu mbele kabisa unatia "ir", ambayo ni "in" iliyojibadilisha ili ulimi uifikie "r" bila kujikwaa, na yote yanakanushwa. Ni mtu au kitu ambacho mahali pake hapawezi kushikwa na kingine. Mkazo uko kwenye "place", silabi ya tatu. Celine akasema, "Kugo, babu yangu, hili ni refu kama treni." Tukalipiga pamoja.

Mkono wangu, Kipyegon, haukupiga kofi la tatu. Ulikwenda wenyewe kifuani. Makofi mawili, kifua, makofi mawili. Na mkono ulipogusa kifua, mtoto akapiga chafya katika chumba cha pili.

Celine alicheka akasema mdogo wake amepasi mtihani. Tukarudia, mtoto akapiga chafya tena, palepale. Celine akataka kujaribu peke yake. Alilisema neno vizuri, akapiga makofi yote matano kwa viganja, na hakuna kilichotokea. Akanuna, akaniuliza mbona kwake mtoto hakubali. Nilirudia mimi mara ya tatu, na kabla sijashusha mkono Kogo Chepyegon alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani, ugoro haumo hata ndani ya nyumba.

Aliniuliza, "Huyo mnayemwita ni nani?"

Nikamwambia si mtu, ni neno la Kizungu, ni kazi ya shule. Akamtazama mtoto, kisha mimi, akasema mtoto wa wiki mbili hajui Kizungu wala Kikipsigis. Anachojua ni anayeitwa.

Wewe wanifahamu, mimi ni mtu wa kupima mambo. Siku iliyofuata nilichukua neno jingine lenye umbo lile lile, "indestructible", silabi tano, mkazo kwenye ya tatu, kiambishi kile kile mbele. Nilipiga hadi viganja vikawasha, na mtoto alinitazama tu. Halafu nikafunga mdomo, nisitamke neno lolote, nikapiga makofi mawili, kifua, makofi mawili. Alipiga chafya. Nelvine alikuwa amemshika, na ananiambia mtoto alivuta maziwa kwa dakika nzima baada ya hapo, kisha akageukia mlango tena. Basi sikuwa na mahali pa kujificha, kwa sababu haikuwa habari ya neno. Ilikuwa habari ya mtu aliyelipiga hivyo.

Labda unakumbuka, labda hukuwahi kuambiwa. Mwanao Kimeli alipokuwa darasa la saba kwangu, neno hili lilimshinda. Ulimi wake ulikuwa wa kwetu kabisa, "p" na "b" zikibadilishana viti, na kila alipolisema darasa lilikufa kwa kicheko. Nilimfundisha njiani tukirudi nyumbani kwa kijia cha kwenye chai, hatua moja silabi moja. Kofi la tatu alikataa kulipiga kwa nguvu, asivute macho ya watu, akawa analipiga kifuani kwa kiganja, kimya kimya, pale ambapo angelisikia yeye tu. Alipolishika neno hakuiacha ile namna. Hata alipokuwa mtu mzima, akija kwangu kwa kile kijia cha kwenye chai hakubisha hodi. Alisimama mwisho wa mistari akapiga, mawili, kifua, mawili, nami nilimjibu "karibu" kabla sijamwona.

Juzi Jumatatu, saa nne asubuhi, nilitoka kuwatazama wachumaji. Ukungu ulikuwa mzito, naona mistari miwili ya chai na wa tatu kwa kukisia. Nikasikia upande wa kile kijia makofi mawili. Kisha kitu kama kiganja juu ya nguo iliyolowa. Kisha makofi mawili. Haikuwa mbali, pengine hatua ishirini. Nilisimama. Mama mmoja aliyekuwa akichuma karibu yangu aliinua kichwa akaniuliza, "Mwalimu, unamkaribisha nani?" Ndipo nikajua nilikuwa nimesema "karibu" kwa sauti. Nilimwuliza kama amesikia kitu. Alisema amenisikia mimi. Nilitembea hadi kwenye kijia nikakuta majani yana umande mzima, hayajaguswa na mtu. Niliporudi nyumbani, kabla sijakaa, Nelvine aliniambia mtoto amepiga chafya muda mfupi uliopita, peke yake kitandani, hakuna mtu aliyeita jina lolote.

Baba Kimeli, hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mstari wa kwanza. Weka mkono mezani, vuta pumzi, mtazame Eugene, kisha uendelee.

Kimeli hayuko Uarabuni akifanya kazi. Kimeli alifariki miaka sita iliyopita, mwezi wa Agosti, wiki ya pili baada ya upasuaji wako. Nilipigiwa simu na kijana mmoja wa Nyamira, Masese, waliyekuwa wakilala naye chumba kimoja. Alianguka kwa joto kwenye jengo, akapelekwa hospitali, siku ya pili akaenda. Waajiri walitaka neno la familia, kama arudishwe ama azikwe huko, na walilitaka kesho yake. Nambari yangu ndiyo iliyokuwa kwenye fomu zake, kwa sababu ni mimi niliyemjazia zile za Kiingereza. Wewe ulikuwa kitandani na mirija kifuani, na daktari alikuwa ametuambia mimi na Cheptoo pale koridoni kwamba habari nzito yoyote ndani ya miezi mitatu ingekuua. Nilisema azikwe. Nilitia sahihi, nikaituma. Masese na Wakenya wengine wanne walimzika, wakaimba walichoweza kukumbuka.

Miezi mitatu ilikuwa na sababu, na ningeweza kuisimamia mbele ya yeyote. Kilichofuata hakina sababu. Siku uliyotoka hospitalini, jambo la kwanza uliloniuliza ni kama Kimeli amepiga simu. Nilikuwa nimejiandaa kukwambia tukifika nyumbani. Lakini uliuliza palepale langoni, ukiwa umeniegemea, nami nikasema amepiga, anakusalimu. Baada ya hapo kila salamu iliomba nyingine. Ulipoanza kuuliza mbona hapigi kwako, niliandika barua. Zile barua tatu ambazo Cheptoo amezihifadhi kwenye Biblia, nilizichapa mimi kwenye saiba, duka la kompyuta la Ndung'u hapa Litein, nikasema zinakuja kwa njia ya kompyuta yangu. Ile habari ya mwenzake anayekoroma niliitunga. Ile ya mchuzi wenye pilipili niliitunga. Katika barua ya tatu nilimpa mchumba, maana Cheptoo alikuwa akilalamika kwamba umri unapita. Juma lililofuata nilikuja kwenu nikamkuta Cheptoo ananionyesha blanketi alilomnunulia mkaza mwana. Nililishika, nikalisifu rangi. Tangu siku ile sikuandika nyingine, na mkadhani mwanenu amewasahau. Hilo nalo ni langu. Hakuwasahau.

Nilimweleza Kogo Chepyegon Jumatatu jioni, maana sikuweza tena kumwona mtoto akigeukia mlango. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mimi siwezi kumwita, wala yeye hawezi. Mtu ambaye baba yake bado anamhesabu kuwa hai, baba huyo ndiye humtaja kwanza kwa mdomo wake, ndipo wengine wafuate. Kikao ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, nyumbani kwangu.

Nakuomba uyatenganishe mambo mawili. Mtoto ni jambo moja, mimi ni jingine. Usije kwa sababu umenisamehe, na usikatae kuja kwa sababu hujanisamehe. Jumamosi sitakuwa nyumbani. Nitakuwa kwa Moureen ng'ambo ya barabara tangu alfajiri, mlango umefungwa, na sitatoka hadi mtakapoondoka, kwa hiyo hutalazimika kuniona. Ukitaka kuniona, sukuma tu mlango. Usipokuja kabisa, sitamwita nyuma yako. Tutaendelea kumpeleka mtoto kliniki na kumnywesha kwa kijiko, na Mungu ataona. Nimekunyang'anya mazishi ya mwanao mara moja, sitakunyang'anya mara ya pili.

Ndani ya bahasha utakuta nambari ya simu ya Masese. Bado yuko huko, na yuko tayari kuongea nawe saa yoyote. Ana mengi ya Kimeli ambayo si ya kutungwa. Utakuta pia karatasi yenye jina la makaburi na nambari ya kaburi, pamoja na ile fomu niliyotia sahihi.

Cheptoo sijui nimsalimuje. Ukiona vema umweleze wewe, mweleze. Ukiona ni haki aisikie kwangu, nitumie neno, nami nitakuja hata kwa goti hili. Wasalimie majirani, na umshukuru Eugene kwa niaba yangu. Mungu autunze huo moyo wako, ambao nilijidai kuulinda hata ulipokuwa umekwisha kupona.

Barua zile tatu niliziandika jina la mwanao chini yake. Hii naiandika langu.

Kaka yako,
Barnaba arap Mosonik